Jua la Majani, Giza la Mizizi: Mwongozo kwa Mkulima na Mpanda Mikoko wa Kibiti

Maji yakishapwa pale Nyamisati, tope la ukingoni hubaki limejaa vijiti vingi vinavyoelekea juu, kama misumari iliyopigwa kutoka chini. Hiyo ni mizizi ya mlilana na mchu, aina mbili za mikoko, mizizi ya kupumulia. Kwangua ganda la mmoja kwa ukucha, taratibu, usiujeruhi. Chini ya ganda utakuta kijani.

Kijani hicho ni klorofili, ileile iliyomo kwenye majani. Mzizi huo umeona jua, nao ukaitikia kwa kutengeneza chakula chake kidogo. Ufuate mzizi huohuo chini ya tope na utakuta weupe, ulaini na vijizizi vya kunyonyea. Mti ni mmoja na mzizi ni mmoja. Urithi wake pia ni mmoja, maana kila chembe hai ya mlilana ina nakala ileile ya DNA. Kilichotofautiana ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa, na miongoni mwa vinavyoamua hilo, pamoja na hewa na maji, ni mwanga.

Mkulima wa Bungu mwenye mihogo, wa Ruaruke mwenye mpunga, na kijana wa Salale anayepanda mikoko wote wanagusa jambo hili kila msimu, ingawa wengi huhesabu jua kuwa ni habari ya majani tu. Mwongozo huu unashuka hadi kwenye mizizi.

Habari hufikaje chini

Mwanga haupenyi mbali kwenye udongo. Milimita chache tu na giza limetanda. Mchanga mkavu hupitisha zaidi kidogo, udongo wa mfinyanzi hupitisha kidogo sana, isipokuwa unapopasuka kwa ukame na kuacha nyufa. Sasa mzizi ulio futi moja chini unajuaje kama juu kuna jua au kivuli?

Njia ya kwanza ni shina lenyewe. Mwaka 1982 Dina Mandoli na Winslow Briggs wa Marekani walionyesha kwamba tishu za miche iliyokuzwa gizani hupitisha mwanga kwa ndani, mfano wa nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano ya simu. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini na Ujerumani wakaonyesha kwenye Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya kabichi linalopendwa na maabara, kwamba mwanga unaoteremka kwa njia hiyo huiamsha fitokromu iliyomo mizizini.

Fitokromu ni nini? Ni protini inayopokea mwanga, na ina sura mbili. Mwanga mwekundu, wenye mawimbi ya karibu nanomita 660, huipa sura ya kufanya kazi. Mwanga mwekundu-mbali, wa karibu nanomita 730, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida, huirudisha kwenye sura ya kulala. Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1952 huko Beltsville, Marekani, ambako Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walizimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu na mwekundu-mbali kwa zamu. Mbegu zilitii rangi ya mwisho: ikiwa nyekundu, zikaota, ikiwa nyekundu-mbali, nyingi zikabaki zimelala.

Njia ya pili ni ya mjumbe. Ipo protini iitwayo HY5, ambayo kazi yake ni kushika DNA na kuamua jeni zipi zianze kusomwa. Gizani, protini nyingine iitwayo COP1 huipeleka HY5 kuharibiwa. Jua likitoka, HY5 hunusurika na kurundikana. Mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha, pia kwenye Arabidopsis, kwamba HY5 husafiri kutoka machipukizi hadi mizizini. Ikifika huko huwasha jeni ya NRT2.1, yaani jeni ya mlango wa kuingizia naitreti kutoka udongoni. Ukulima mzima umo katika safari hiyo: jani limepata jua, likapeleka mjumbe, na mzizi ukafungua mlango wa mbolea.

Kwa hiyo yako mambo mawili ya kusimamia shambani. La kwanza ni mwanga unaoupiga mzizi wenyewe. La pili ni mwanga unaolipiga jani na kutumwa chini kama habari. Makosa mengi hutokana na kuyachanganya.

Mihogo na viazi: funika

Mzizi wa muhogo huanza ukiwa mwembamba kama mizizi mingine. Katika miezi miwili mitatu ya mwanzo, michache kati yake hubadili kazi, ikaacha kuwa ya kunyonya tu na kuanza kuhifadhi wanga. Badiliko hilo hutaka giza. Majaribio ya mihogo na viazi vitamu yameonyesha kwamba mzizi ulioachwa kwenye mwanga haunenepi kama ule uliofunikwa. Wa kiazi kitamu huelekea kukakamaa na kuwa na ukuni badala ya wanga.

Fuata hivi. Fukia pingili vizuri, na usiache shina la chini likiwa na mizizi inayochungulia. Mvua kubwa ikipita, rudi shambani na jembe. Mchanga wa vilima vya Kibiti humomonyoka kirahisi, tuta linaliwa upande mmoja, na mizizi iliyokuwa gizani jana leo iko juani. Pandishia udongo. Kwa viazi vitamu ongeza uangalifu, maana tuta hupasuka viazi vinaponenepa. Kuziba nyufa hizo kunarudisha giza, na kunamzuia fukuzi, mdudu anayepitia humohumo kwenda kutaga mayai kwenye viazi. Kazi moja ya jembe imelipa mara mbili.

Kiazi mviringo, ambacho wengi hukijua kutoka sokoni, si mzizi bali ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Hata hivyo onyo lake ni la familia hiyohiyo ya mambo: kikikaa kwenye mwanga jeni za klorofili huwashwa, kinageuka kijani, na sambamba na hilo huongezeka solanini, ambayo ni sumu na chungu. Kiazi cha kijani usikile, hata kama muuzaji amekipunguza bei.

Mahindi yana mizizi ya juu, ile inayotoka kwenye pingili za shina na kushuka kwa mshazari. Itazame ikiwa bado hewani. Mara nyingi ni ya zambarau au kijani, na rangi hiyo hupotea sehemu iliyoingia ardhini. Hapo unaona kwa macho yako jeni za rangi zilizowashwa na jua. Mizizi hii haidhuriki kwa mwanga kama ya muhogo, lakini hainyonyi chochote mpaka iguse udongo, kwa hiyo pandishia udongo wakati wa palizi ya pili.

Mahindi yana ajabu nyingine inayofaa kutajwa. Kuna aina ya mahindi matamu ya Marekani iitwayo Merit. Mwaka 1987 Lewis Feldman na Winslow Briggs walieleza kwamba mzizi wake ukikuzwa kwenye giza totoro hauendi chini, unakwenda mlalo. Ukimulikwa mwanga mwekundu, hata kidogo, unakunja ncha na kuanza kushuka. Mzizi ulihitaji kuonja mwanga kwanza ndipo ujue njia ya gizani.

Kitaluni

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na wapo wanaootesha miche kwenye chupa za maji zilizokatwa. Ubunifu ni mzuri, lakini chupa inayoonyesha ndani ina kasoro yake. Mizizi ikifika ukutani inakutana na mwanga, na mwani wa kijani nao unaota humo ukigombea maji na mbolea. Katika maabara zenyewe kosa hili lilifanywa miaka mingi, kwa kuwa Arabidopsis ilikuzwa kwenye visahani vya kioo vinavyopitisha mwanga. Watafiti walipotengeneza vyombo vinavyoyapa majani mwanga na mizizi giza, wakakuta mizizi ya gizani ikiwa mirefu kuliko ile iliyozoeleka kwenye vitabu.

Dawa yake ni rahisi. Tumia viriba vyeusi ukivipata. Ukitumia chupa, ipake tope zito, ivishe gunia kuukuu, au izike nusu ardhini. Usisahau kutoboa matundu ya kutolea maji.

Kisha tazama nafasi. Mche wa mkorosho uliobanwa na wenzake hurefuka haraka, na mnunuzi asiyejua huuchagua huo kwa sababu umempita mwenzake kwa kimo. Huo ndio mche wa kuachwa. Jani bichi hula mwanga mwekundu na kuuachia au kuurudisha mwekundu-mbali. Katika jua wazi, mwekundu huuzidi mwekundu-mbali kidogo, uwiano wake ukiwa karibu 1.2. Chini ya majani mengi uwiano huanguka, mara nyingi chini ya 0.5. Fitokromu inalala, mche unatangaza hali ya hatari, na nguvu zote zinakwenda kwenye shina ili ukimbie kivuli. Mzizi unanyimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha kuwa mwekundu-mbali ukilipiga chipukizi la Arabidopsis, mizizi ya pembeni hupungua, na HY5 ni mmoja wa wahusika wa kupunguza huko. Mjumbe yuleyule wa jua hubeba pia habari ya msongamano.

Tawanya viriba mara majani yanapoanza kugusana. Kivuli cha kitalu kiwe cha makuti makavu juu ya kichanja badala ya mwembe au mkorosho, kwa sababu mianya ya makuti hupitisha vipande vya jua lenye rangi zake zote, wakati majani mabichi huchuja wekundu na kuacha mabaki. Wiki chache kabla ya kupeleka miche shambani, punguza makuti kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Kivuli cha shambani

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa Kibiti, wilaya ya mikorosho, minazi, michungwa na mihogo. Kuchanganya mazao ni busara ya zamani, na hakuna sababu ya kuiacha. Swali ni nani anasimama juu ya nani.

Mkorosho uliopandwa kwa nafasi inayopendekezwa ya mita 12 kwa 12 huacha eneo pana katika miaka yake ya mwanzo. Tumia miaka hiyo kwa mihogo, kunde na ufuta. Matawi yakikaribia kukutana, toa mihogo. Muhogo ulio kivulini hurefusha shina na kuchelewa kuanza kunenepesha mizizi. Utakuwa na majani mengi juu na mizizi kama vidole chini. Mkulima akiung'oa husema ardhi imechoka. Mara nyingi ardhi haina kosa. Mzizi ulipelekewa habari ya kivuli na ukaitii.

Mnazi ni tofauti. Mnazi mrefu wa zamani, wenye kichwa kidogo juu kabisa, huacha jua la pembeni liingie asubuhi na jioni. Chini yake muhogo unaweza kufanya vizuri, hasa ukipandwa mbali na shina. Kati ya kivuli cha mnazi mzee na kivuli cha mwembe, chagua cha mnazi bila kusita.

Mbolea nayo ifuate jua. Usimwage mbolea ya dukani kwenye mimea iliyofunikwa na majani ya miti ukitarajia ifanye maajabu. Mmea wenye njaa ya mwanga hauna sukari ya kuendeshea mizizi, na ile milango ya naitreti haifunguki sawasawa. Kata matawi kwanza, weka mbolea baadaye.

Kunde na choroko hutoa ushahidi unaoweza kushikwa mkononi. Mizizi yake ina vifundo ambamo bakteria hubadili naitrojeni ya hewani iwe mbolea. Mwaka 2021 watafiti wa China walichapisha katika jarida la Science matokeo kuhusu soya: mwanga wa buluu ukilipiga jani, protini za aina mbili hushuka hadi mizizini, na huko hushirikiana na ishara ya bakteria kuwasha jeni za kujenga vifundo. Moja ya protini hizo ni ndugu wa HY5. Bakteria wakiwepo bila habari ya jua, vifundo huwa haba. Fanya hivi wiki ya sita baada ya kupanda: chimbua kwa uangalifu mkunde mmoja wa juani na mmoja wa chini ya mti, osha mizizi, hesabu vifundo, kisha kata vichache kwa wembe. Kifundo chenye wekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani hakifanyi, au muda wake umekwisha.

Na palizi iwahi. Mwaka 1990 Carlos Ballaré wa Argentina na wenzake walionyesha kuwa miche hutambua majirani kwa mwekundu-mbali unaodundishwa na majani yao, hata kabla ya kufunikwa na kivuli. Maana yake gugu dogo lililo kando ya muhogo limekwisha kubadili mgawanyo wa nguvu ya muhogo huo, ingawa jicho linaona jua tele. Palizi ya wiki ya tatu au ya nne ina thamani kubwa kuliko palizi mbili za miezi ya mbele. Baada ya palizi tandaza nyasi kavu, kwa kuwa mbegu ndogo za magugu mengi huota zikigutushwa na mwanga wakati jembe linapogeuza udongo, na matandazo hurudisha giza juu yake.

Bondeni, kwenye mpunga na mlau

Mpunga ni mwalimu mzuri wa jambo hili, maana mizizi yake hukimbia mwanga waziwazi. Charles Darwin na mwanawe Francis walikwishaandika mwaka 1880 kuhusu mizizi ya haradali inayopinda kuukimbia mwanga. Wewe jaribu na mpunga wa nyumbani. Loweka punje, zikichipua mizizi ziweke kwenye wavu au kitambaa chepesi kilichofungwa mdomoni mwa glasi yenye maji, mizizi ikining'inia. Weka glasi mbili dirishani, moja ukiizungushia karatasi nyeusi, nyingine ikipata mwanga wa upande mmoja. Baada ya siku chache linganisha. Mizizi ya glasi iliyo wazi itakuwa imeinamia upande wa ndani ya nyumba. Jaribio hili linafaa sana shule za msingi. Gharama yake ni punje kumi za mpunga.

Mahindi na maboga ya mlau, yanayopandwa mto ukishajitoa kwenye uwanda wa mafuriko, hukua kwenye udongo mweusi unaopasuka unapokauka. Nyufa huingiza mwanga na upepo hadi kwenye mizizi, na vinyweleo vyake hukatika. Kupalilia juujuu ili kuzivunja nyufa, pamoja na matandazo, ndiyo kinga ya bei nafuu. Baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, kazi ya kwanza kwa mazao yaliyosalimika ni kukagua mizizi iliyovuliwa udongo na kuifunika.

Mikoko: hapa usifunike

Delta ya Rufiji ina karibu hekta 53,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko mengine yote ya mikoko iliyoungana pamoja katika Afrika Mashariki, nayo imo katika eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004. Kanuni ya muhogo hapa inageuka.

Mizizi ya kupumulia ya mlilana na mchu, pamoja na miguu ya aina iitwayo mkoko inayoinama kutoka shinani, imeumbwa kukaa hewani. Inapitisha hewa kwenda chini kwenye tope lisilo na hewa, na klorofili yake hutumia mwanga kuzalisha oksijeni humohumo. Mguu wa mkoko ukifika topeni hubadilika: kijani kinapotea, tishu zinakuwa za sponji, matawi madogo ya kunyonyea yanaanza kutoka. Kwa hiyo usirundike udongo, matawi yaliyokatwa wala mabaki ya mashamba juu ya mizizi hiyo. Ikizikwa, hewa hukatika kwanza, na mti mkubwa unaweza kufa ukiwa umesimama.

Unapopanda, chagua mti kwa mwanga uliopo. Mlilana na mchu hutaka uwazi. Msinzi na mkandaa huvumilia kivuli ikiwa michanga. Kuchomeka miche ya mlilana chini ya mikoko mikubwa iliyofungamana ni kazi ya bure, maana ya kuhesabiwa ni miche iliyopona, si iliyopandwa. Kwa mkoko wenyewe, ile mbegu ndefu ichomekwe kiasi cha theluthi yake, ncha ya mizizi ikiwa chini; ukiizamisha sana, chipukizi linakaa majini na mzizi wa pembeni unakosa hewa. Kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, ondoa mitambaazi na magugu kuizunguka miche mpaka ipate jua lake, na uzibue mifereji ili maji ya bamvua yaingie na kutoka. Mikoko ni msitu wa hifadhi ya serikali, kwa hiyo zungumza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kugusa chochote.

Kwa aliye na shamba la kilimani, kazi iko karibu zaidi. Msimu huu, kabla ya kufukia pingili ya kwanza, simama shambani saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, utazame kivuli cha kila mkorosho na mwembe kinaishia wapi. Chomeka vijiti pale kinapofika mbali zaidi, na muhogo wa kwanza uupande nje ya vijiti hivyo.